Keziah wa Parokia Mbili

Timaru, New Zealand
4 Juni 1978

Shangazi Thirza mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa karibu na jiko, wala si juu ya ngazi ukipunguza matawi ya mtofaa kama mwaka jana. Huku baridi imeanza. Mwanangu Neil ametimiza miaka minane na meno ya mbele yamemtoka, basi kila neno analosema linapiga mluzi. Mama hajambo, isipokuwa miguu. Anasema jemu yako ilifika, chupa moja tu ndiyo iliyovujia magazeti.

Tangu Baba afariki nimekuwa nikipanga picha zake. Ipo moja ya Babu Jabez akiwa mtoto, amevaa kola pana kama sahani, amesimama kati ya baba yake na bibi yake. Mama yake hayumo. Nilimuuliza Mama, akasema Baba hakupenda kuzungumza habari za huko Wenlow, ila jina la huyo mama aliwahi kulitaja mara moja: Keziah.

Shangazi, huyo ndiye aliyemzaa baba yako. Alikuwa mtu gani? Amezikwa wapi? Wewe ndiye Garrod pekee aliyebaki hapo Wenlow, na kutoka mlangoni kwako hadi kanisani ni kuvuka barabara tu. Kama kaburi lake halina jiwe, ningependa tumwekee.

Usiniulize kwa nini leo. Nimeona tu ni vibaya kutojua.

Mtoto wa kaka yako,
Judith


Wenlow, Suffolk
2 Julai 1978

Mwanangu Judith,

Barua yako imenikuta bustanini, si ngazini. Nyonga imenikataza ngazi. Mbaazi zangu zimeliwa na njiwa, nami nimewaambia njiwa maneno ambayo shemasi hapaswi kuyasikia. Tumepata kasisi mpya, kijana, anakuja kwa pikipiki na anataka tupeane mikono katikati ya ibada. Nimempa vidole viwili vya kuanzia, tutaona mwenendo wake.

Mwambie mama yako asugue miguu kwa siki vuguvugu.

Kuhusu Keziah: alikufa kwa homa baba yangu akiwa na miaka sita. Bibi yake ndiye aliyemlea. Nilikwenda kanisani kuangalia daftari la maziko kama ulivyotaka, lakini kurasa za miaka ile zimeingiwa na unyevu na hazisomeki. Basi ndivyo ilivyo. Ukitaka kuchimba asili yako, chimba upande wa mama yangu. Wao walikuwa mafundi wa matandiko ya farasi tangu enzi za wafalme waliosahaulika, watu wa maana, kila mmoja ana jiwe lake.

Nibusie Neil.

Shangazi yako,
Thirza Garrod


Oamaru, New Zealand
20 Agosti 1978

Shangazi mpendwa,

Tafadhali tumia anwani hiyo ya juu kuanzia sasa. Nimepata kazi katika maktaba ya mji huu, chumba changu kinatazama bandari, na upepo unapita chini ya mlango bila kubisha. Mama amejaribu siki. Anasema miguu haijapona, ila paka hamkaribii tena.

Nina jambo la kukuambia, usikasirike. Nilimwandikia kasisi wenu wa pikipiki, nikitaka kujua kama wataalamu wangeweza kuziokoa kurasa zile. Alinijibu kwa upole mwingi. Amesema daftari ni kavu, mwandiko ni mzuri, amelisoma lote la miaka ile na ishirini mbele yake. Keziah hayumo. Hakuzikwa Wenlow.

Sisemi umenidanganya, shangazi. Huenda hukuwa na miwani. Lakini mtu hafi kwa homa akayeyuka. Kwa hiyo nimewaandikia wazee wa kanisa wa parokia jirani zote, nikiwauliza kama wana kaburi la Keziah yeyote.

Wako,
Judith


Wenlow
11 Septemba 1978

Judith,

Mimi sijambo. Mvua ni nyingi. Miwani yangu ni mizima.

Unasema parokia jirani zote. Natumaini hukuwaandikia watu wa Ashling.

Nisikilize. Yapo mambo ambayo baba yangu aliyafunika akiwa hai, na alipokuwa anakufa mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wangu, nikamwahidi sitayafunua. Wewe ulipelekwa ng'ambo ukiwa na miaka sita. Kwako Wenlow ni picha. Kwangu ni watu ninaokutana nao nikienda kununua mkate. Waache marehemu walale.

Na mimi nina swali. Mwanamke mwenye nyumba Timaru anafanya nini katika chumba Oamaru? Barua mbili hizi hukumtaja mumeo Colin hata kwa salamu, na hii ya pili hata Neil hayumo.

Thirza


Oamaru
15 Oktoba 1978

Shangazi,

Colin hajambo. Neil hajambo, yuko shule. Nilihamia huku kwa ajili ya kazi, kama nilivyosema.

Watu wa Ashling nilikuwa nimekwisha kuwaandikia, na ni wao tu waliojibu kwa maana. Mzee wa kanisa lao anaitwa Cyril Thurlow. Barua yake ni fupi kiasi kwamba naweza kukunakilia yote: “Bibi mpendwa, Keziah yuko hapa kwetu, upande wa kaskazini wa makaburi. Jiwe halina, lakini nyasi hukatwa. Habari zake ni za shangazi yako kabla ya kuwa zangu. Mwulize. Akikataa mara ya pili, niandikie.”

Nakuuliza mara ya pili, shangazi. Huyu Cyril Thurlow ni nani, na kwa nini anakata nyasi za kaburi la bibi yako?

Judith


Oamaru
10 Desemba 1978

Shangazi mpendwa,

Hii ni kadi ya Krismasi tu, wala haina swali ndani yake. Sijapata neno lako tangu Septemba. Kama umeniudhikia, niambie hivyo, nitakuwa nimejua angalau kwamba hujambo. Mama anaulizia pia. Ametuma soksi.

Sijamwandikia tena Bwana Thurlow. Niliona si haki.

Judith


Wenlow
18 Februari 1979

Mwanangu Judith,

Soksi zimefika na nimezivaa, maana theluji imetufungia tangu mwaka mpya. Bomba la jikoni liliganda, likapasuka. Mwambie mama yako asante.

Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ni ya kizazi cha zamani, inachukua muda kupoa. Barua yako ya Oktoba niliiweka chini ya mkebe wa biskuti, kisha sikula biskuti tena. Nilipoona mwaka unakwisha, nikamtumia Cyril Thurlow salamu kupitia kwa mwuza maziwa: kama ana la kusema, nyumba anaijua. Kutoka Ashling kuja hapa si mwendo wa saa. Miaka arobaini na mitano imepita bila mimi kuuvuka mwendo huo.

Alikuja wiki iliyopita, mchana, theluji ilipolegea kidogo. Amekuwa mzee. Sijui nilitazamia nini. Alikung'uta mabuti yake mlangoni, akasimama hapo mpaka nilipomwambia aketi, akaketi, na chai ikapoa mbele yake akizungumza.

Wewe unajua hadithi ya homa. Mimi nilijua zaidi kidogo, na hilo ndilo nililoahidi kulificha: kwamba hapakuwa na homa, kwamba Keziah alimwacha mume na mtoto akaenda kwa Thurlow, mlinzi wa misitu ya bwana mmoja kule Ashling. Baba yangu aliniambia hivyo kwa maneno machache, kisha akasema mtu wa jina la Thurlow asikanyage kwake. Sisi tulikulia humo. Tukikutana nao njiani tunatazama ua wa miti. Mpaka leo, kwenye soko la kanisa, Garrod na Thurlow hawashiki meza moja.

Cyril alinieleza sehemu ambayo sikuijua. Babu yangu Amos hakuwa mpigaji. Alikuwa mtu wa sala na wa kununa. Angeweza kukaa juma zima asimpe mkewe neno. Keziah alikuwa mcheshi. Alipoondoka alitaka kwenda na mtoto, lakini mama mkwe alimfungia Jabez chumbani na Amos akasimama mlangoni. Siku zile mwanamke wa namna hiyo hakuwa na wa kumsikiliza.

Basi akawa anakuja. Kila Jumatano alitembea kwa miguu kutoka Ashling, akasimama nje ya ukuta wa shule wakati watoto wanacheza. Mtoto akamzoea. Walikuwa wakipeana mikono juu ya mawe, na yeye akimletea tofaa la kuoka ndani ya kitambaa, bado la moto. Mwaka ukapita hivyo, halafu mwalimu akamwambia Amos. Jioni ile Amos alimketisha mwanawe, akamwambia mama yake amekufa kwa homa. Na Keziah akapelekewa ujumbe kwamba mtoto ameambiwa amekufa na amelia hadi akanyamaza, kwa hiyo akimpenda asimtoneshe tena kidonda.

Akakubali. Hilo ndilo Cyril alilolisema kwa taabu. Akakubali, akaacha kuja.

Kule Ashling alizaa mtoto mwingine wa kiume, Reuben, baba yake Cyril. Hesabu mwenyewe, mwanangu. Reuben na baba yangu ni wa tumbo moja. Yule mzee wa kofia ya ngozi niliyekuwa nikimgeuzia mgongo barabarani alikuwa baba yangu mdogo. Nilipokuwa mtoto alinisalimu mara moja nikamtolea ulimi, nikasifiwa nyumbani.

Jabez alipokuwa kijana, anaendesha mkokoteni wa nafaka, Keziah alimkuta kwenye njia panda. Alimwita kwa jina. Baba yangu alimtazama vizuri, kwa muda, kisha akamwambia, “Mama yangu alikufa,” akawachapa farasi. Cyril anasema Keziah alikuwa akirudia kisa hicho hadi uzeeni, wala hakumlaumu Jabez hata kidogo. Alijilaumu yeye. Alikuwa akimwambia Reuben: “Ukuta ulikuwa na lango. Mwaka mzima nilisimama ukutani, na lango lilikuwa pale pale. Ningeingia tu. Wangenifukuza, lakini angeniona ninafukuzwa.”

Nilimuuliza Cyril kwa nini yeye na wenzake hawakusema kitu miaka yote. Akanijibu: “Nani angetufungulia, Thirza?”

Nikamwuliza kama anataka chai nyingine, kwa sababu ile ilikuwa barafu.

Cyril tulifahamiana zamani, tuliimba kwaya ya parokia zote mbili. Hilo usiniulize.

Nimeivunja ahadi niliyompa baba yangu. Usiku nilitazamia kusikia vibaya, na sijasikia chochote ila upepo. Jiwe nakubali tuliweke. Lakini jina la ukoo tutaandika lipi? Mimi nasema Garrod, ndoa ni ndoa. Cyril anasema Keziah alilala miaka arobaini chini ya paa la Thurlow. Tumebishana mpaka giza likaingia, na nadhani hakuna aliyekasirika.

Shangazi yako,
Thirza


Oamaru
25 Machi 1979

Shangazi yangu mpendwa,

Barua yako niliisoma kazini, nikaomba ruhusa nikatoka.

Nilikuambia Baba alimtaja Keziah mara moja. Sikukuambia alimtajaje. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nilichelewa kurudi kutoka dansi, akanifungulia mlango akasema, “Utaishia kama Keziah.” Hakueleza, na mimi nilidhani ni mtu wa Biblia. Mwaka jana, nilipoanza kufikiria kuondoka, neno lile lilinirudia. Nikataka kujua aliishiaje.

Niliondoka Julai. Colin si mtu mbaya, shangazi, sina kisa cha kukusimulia kikakufanya umchukie. Tuliacha kuzungumza. Kisha tukasahau tuliachia wapi. Tulikubaliana Neil abaki kwao kwanza, kwenye shule yake na marafiki zake, mpaka nipate mahali. Nikapata chumba. Kisha Colin akaniambia mtoto ametulia, analala vizuri sasa, nisije nikamvuruga. Lilionekana neno la busara. Nikakubali.

Jumamosi napanda basi hadi Timaru. Wanacheza raga uwanja wa karibu na reli. Mimi nasimama ng'ambo, penye miti, namwona akikimbia na soksi zimemshuka. Mechi ikiisha narudi kituoni. Hajui kwamba huwa nakwenda. Mama yangu hajui. Wewe ni wa kwanza.

Judith


Wenlow
3 Aprili 1979

Judith,

Salamu baadaye. Barua yako imekuja asubuhi hii na hii yangu inaondoka na posta ya mchana.

Sitakuambia urudi kwa mumeo. Mimi si Amos. Sitakuambia ulifanya vema wala vibaya, sijawahi kuwa na mume hata mmoja wa kumwacha. Lakini mtoto anayelala vizuri ndiye mtoto aliyekwisha kuacha kuuliza. Nililelewa na mmoja wa namna hiyo. Alikuwa baba mwema, na hakuna mtu duniani aliyemfikia, mimi nikiwa mmoja wao. Alipokuwa anakufa alimwita mtu, na hakuwa mama yangu, wala mimi, wala baba yako. Nilijifanya sikusikia jina.

Toka kwenye hiyo miti. Mwache Colin akasirike. Mwambie ni shangazi yako aliyekutuma, kama hasira inahitaji mtu.

Thirza


Oamaru
6 Mei 1979

Shangazi mpendwa,

Mama hajambo na amejua yote sasa. Alilia kidogo kisha akaniuliza kama chumba changu kina pazia zito. Anashona.

Nilikwenda Jumamosi baada ya barua yako kufika. Nilifika mapema, nikavuka uwanja kabla miguu haijabadili shauri, nikasimama penye kamba pamoja na akina mama wengine. Mmoja alinisogezea nafasi. Neil aliponiona alisimama katikati ya mchezo, mpira ukampita, na mwalimu wao akapiga kelele. Hakuja. Aliendelea kucheza, tena vibaya sana, akiangalia nyuma kila mara kama naondoka.

Mechi ilipoisha alikuja polepole, amejaa matope. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Akaniuliza, “Umekuja kuangalia mechi au umekuja kwangu?”

Nikamwambia, “Nimekuja kwako.”

Akasema basi nimshikie koti, maana lina matope na yeye anataka kwenda kununua chipsi. Nikalishika. Colin alikuwa ameegemea gari lake, ametuona. Hatukugombana. Alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba ningemwambia mapema angeleta mtoto aliyeoga. Sasa Neil atakuwa kwangu kila Jumamosi hadi Jumapili jioni, na likizo nusu kwa nusu. Mengine bado. Jana alilala kitandani kwangu nami sakafuni, akaniamsha alfajiri kuniuliza kama bado nipo.

Judith


Wenlow
17 Juni 1979

Mwanangu Judith,

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko inavyomfaa mwanamke mwenye kazi za bustani. Mpe Neil hiyo picha ya farasi niliyoitia ndani. Mama yako ashone mapazia mawili, moja la mlango kwa ajili ya ule upepo.

Jiwe limewekwa jana. Ni la kijivu, dogo, halina ua wala malaika. Tuliacha kubishana juu ya ukoo siku fundi alipotuambia anataka kujua kabla hajazeeka. Limeandikwa: KEZIAH, MAMA WA JABEZ NA REUBEN. Chini yake miaka yake, basi. Kasisi wetu alikuja na pikipiki yake, na kasisi wa Ashling akaja kwa miguu, wakagawana sala. Watu wa parokia zote mbili walikuja kututazama, wakisema wamekuja kwa ajili ya keki. Bibi mmoja wa huku Wenlow, aliyesoma nami, alisoma jiwe kisha akaniuliza marehemu ni nani wangu. Nikamwambia ni bibi yetu.

“Yenu wewe na nani?”

“Yetu mimi na Cyril,” nikamwambia, na sikupunguza sauti.

Wakati wa kuondoka mvua ilitishia. Kasisi alitaka kunirudisha kwa pikipiki, na katika umri wangu nilikaribia kukubali. Cyril akaja na mwavuli akauliza kama angenisindikiza hadi Wenlow.

Nilikuambia usiniulize kuhusu kwaya, na hukuniuliza, kwa hiyo nakueleza. Nilipokuwa na miaka ishirini alikuwa akinisindikiza kila baada ya mazoezi, kwa njia ya mashambani, mpaka baba yangu alipojua. Hakupiga kelele. Alisema, “Yule hapana,” akarudi kwenye supu yake. Nilidhani ni kwa sababu ya jina lile tu. Nikatii, sikueleza sababu, na Cyril hakuoa, na mimi unaniona. Kumbe yeye alikuwa ameambiwa na Reuben sisi ni ndugu kiasi gani, na alikwenda kumwuliza kasisi wa wakati ule, akaambiwa hakuna sheria ya kanisa wala ya nchi inayokataza. Alikuwa anakuja kuniambia hilo Jumapili niliyomfungia mlango.

Jana nilimwambia sawa, anisindikize. Hatukupita mashambani. Tulipita barabara kuu, mbele ya nyumba zote, polepole sana kwa sababu ya nyonga yangu, na mvua haikunyesha kabisa.

Shangazi yako,
Thirza